Joto la Bahari Lifike Wodini

Februari mwaka 2007 nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya wilaya, mikoa ya kati ya Tanzania. Alasiri moja tulimpokea mtu wa makamo, muuza nyama, mwenye homa ya siku nne, maumivu makali ya viungo, na macho ambayo kwa maneno yake mwenyewe yalikuwa "yameingiwa na moshi". Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Hata hivyo tukamtundikia kwinini, kwa kuwa enzi zile homa yoyote ilihesabiwa kuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Usiku wa pili fizi zake zikaanza kuvuja damu. Alfajiri ya siku ya nne akafariki.

Mkewe alitueleza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza. "Mwanangu," aliniambia, "kondoo wa kwetu wametupa mimba karibu wote tangu mvua zile kubwa. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiwachinja." Nikaandika maneno hayo nyuma ya jalada la marehemu, nikaendelea na mgonjwa mwingine. Redioni tulikuwa tumekwisha kusikia habari za ugonjwa wa mifugo uliokuwa ukiua watu Kenya, na baadaye kaskazini mwa nchi yetu, lakini habari zile tulizisikia kama mtu anavyosikia habari za ng'ambo. Baada ya wiki chache ndipo ugonjwa ulipotajwa kwa jina katika wilaya yetu: Homa ya Bonde la Ufa.

Miaka kadhaa ilipita kabla sijajua kwamba kifo kile kilikuwa na historia ndefu kuliko jalada lake. Kilianzia baharini, na kuna vyombo vilivyoiona safari yake yote kutoka angani. Ndiyo sababu ya makala haya. Ninaamini kwamba sisi wa taaluma ya tiba tumeuachia uchunguzi wa bahari na anga kwa setilaiti ubaki kuwa habari ya wanahali ya hewa, ilhali mara nyingi ni habari ya wagonjwa ambao hawajafika bado.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika shamba moja la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, na matokeo ya uchunguzi huo yakachapishwa mwaka 1931. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa mabonde ya kina kifupi yasiyo na mkondo wa kutolea maji. Mbu mwenye virusi huweza kuvirithisha kwa mayai yake, na mayai hayo hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakingoja. Mvua za kawaida haziyaamshi. Sharti bonde lifurike na maji yatuame kwa siku nyingi. Hapo mayai huanguliwa kwa wingi, mbu huuma mifugo iliyokuja kunywa na kula majani mabichi, na baada yao hufuata mbu wa jamii ya Culex wanaokuza mlipuko. Kondoo na mbuzi wenye mimba huzitupa karibu wote. Wana-kondoo hufa kwa makundi. Binadamu huambukizwa hasa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa anapochinja, anapochuna, anapomsaidia kuzaa. Wengi hupata homa ya siku chache na kupona. Wachache hupata madhara ya macho au ya ubongo, na wachache zaidi hutokwa na damu. Miongoni mwa hawa wa mwisho, takriban nusu hufariki.

Basi, swali la tabibu linageuka kuwa swali la mvua: ni lini mabonde yatafurika hivyo? Na swali la mvua, kwa Afrika Mashariki, linageuka kuwa swali la bahari.

Mvua zetu za vuli hutegemea sana hali ya Bahari ya Hindi. Katika miaka fulani maji ya upande wetu wa magharibi huwa na joto kupita kawaida, huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa. Wataalamu walikieleza kigeugeu hicho kwa ukamilifu mwaka 1999 katika jarida la Nature. Hali hiyo inapokutana na El Niño ya Bahari ya Pasifiki, kama ilivyotokea mwaka 1997, vuli hukosa kiasi. Kwa macho ya mvuvi wa Kilwa au Lamu, bahari ile ni ileile ya siku zote, kwani ongezeko lenyewe huweza kuwa nusu digrii tu ya Selsiasi. Hakuna mkono unaoweza kulihisi. Setilaiti hulihisi.

Namna inavyolihisi inawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili kuliko wanavyodhani, kwa kuwa ni kazi ya kipimajoto. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho wa infraredi, na kifaa kilicho kilomita mia kadhaa juu huusoma mnururisho wa maji kama vile kipimajoto cha paji la uso kinavyousoma wa ngozi. Na kina udhaifu uleule: kinasoma ngozi ya bahari, tabaka lisilofikia hata milimita moja, si kina chake. Wingu likipita, kinasoma wingu. Kwa hiyo hutumika pia vifaa vya mawimbi mikro vinavyopenya mawingu, na maboya yaliyotiwa nanga baharini ili kusahihisha vipimo vya angani. Zipo pia setilaiti zinazopima kimo cha bahari. TOPEX/Poseidon, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa Agosti 1992, ilikuwa ikipeleka mapigo ya rada chini na kuhesabu muda wa kurudi kwake, hata ikaweza kutambua tofauti za sentimita chache. Maji yenye joto hutanuka na kuinuka. Mwishoni mwa mwaka 1997 ilionyesha upande wetu wa Bahari ya Hindi umeinuka na upande wa Sumatra umeshuka. Miezi ileile mafuriko yalizikumba Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania, na Homa ya Bonde la Ufa ikaua mamia ya watu.

Kisha kuna rangi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi ya karibu. Uwiano wa mianga hiyo miwili ukipimwa kutoka angani huonyesha jinsi nchi ilivyo kijani. Kumbukumbu za kipimo hicho zimehifadhiwa tangu mwaka 1981. Nyika ya Garissa ikigeuka kijani kwa miezi kadhaa mfululizo kuliko desturi yake, maana yake ni kwamba udongo umeshiba maji, na kwamba yale mayai yanaamka. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walionyesha katika jarida la Science kwamba milipuko yote iliyojulikana Afrika Mashariki tangu mwaka 1950 ilifuata vipindi vya mvua isiyo ya kawaida, na kwamba joto la bahari hizo mbili likiunganishwa na kipimo cha kijani lingeweza kutabiri mlipuko hadi miezi 5 kabla.

Mara nyingi makala ya sayansi huishia hapo, kwenye neno "lingeweza". Hii haikuishia. Mwaka 2006 bahari zote mbili zilipata joto tena, mvua za vuli zikazidi, na ramani za hatari zikatolewa mwezi hadi mwezi. Novemba mwaka huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa tahadhari kwa Pembe ya Afrika. Ugonjwa ukaja ulikotabiriwa: kusini mwa Somalia, kisha sehemu kubwa ya Kenya, kisha Tanzania. Watafiti wale walipochapisha tathmini yao mwaka 2009 walisema utabiri ulitoa muda wa wiki 2 hadi 6 wa kujiandaa, na kwamba ulikuwa wa kwanza wa aina yake kutolewa kabla ya mlipuko wenyewe.

Nami nauliza: wiki hizo zilikwenda wapi? Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, Kenya ilipata wagonjwa 684 na vifo 155. Somalia wagonjwa 114 na vifo 51. Tanzania wagonjwa 264 na vifo 109. Zitazameni namba hizi kwa jicho la tabibu. Kenya walifariki asilimia 23 ya waliohesabiwa. Kwetu asilimia 41. Virusi havikuwa vikali zaidi upande wetu wa mpaka. Maelezo ninayoyaona kuwa ya karibu zaidi na ukweli ni kwamba sisi tuliwahesabu wale tu waliokuwa tayari wanatoka damu, na kwamba nyuma ya kila mmoja wao walikuwapo wengine wengi waliotundikiwa kwinini na kurudi kwao. Tena sisi ndio tuliokuwa wa mwisho kufikiwa na ugonjwa, ndio tuliopewa muda mrefu kuliko wote.

Lawama hii siwatwishi wanaosoma setilaiti. Walisema mapema, na walisema kweli. Kasoro ilikuwa kwamba hawakuwa wakisema na mtu mahususi. Tahadhari ile iliandikwa kwa lugha ya mashirika, ikapelekwa kwa mashirika, na kwa kadiri nilivyoshuhudia mimi haikufika kamwe katika chumba ambamo mganga wa zamu huketi na kuamua kama homa iliyo mbele yake ni malaria. Na hata ingefika, ingetukuta bila jibu, kwa maana hatukuwa tumekubaliana kabla ya hapo kwamba ramani ikiwa nyekundu tufanye nini siku ya Jumatatu.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Setilaiti hazitoi onyo moja. Hutoa maonyo mawili yenye saa mbili tofauti, na kila moja lingefaa kufungwa kwenye kazi yake mapema.

Onyo la kwanza ni la bahari, nalo hutangulia kwa miezi. Halina uhakika mkubwa, wala haliwezi kutaja kijiji. Lakini ndilo pekee linalofika kwa wakati kwa ajili ya chanjo ya mifugo. Wasio na uzoefu wa ufugaji huuliza kwa nini kondoo wasichanjwe kila mwaka yakaisha. Mfugaji ana majibu yake: milipuko mikubwa huachana kwa miaka mingi, chanjo ina gharama, na ile ya zamani iliyotumika kwa muda mrefu yaweza yenyewe kumfanya kondoo mwenye mimba azitupe. Nani atoe fedha na kuhatarisha mimba za kundi lake kila mwaka kwa ugonjwa ambao huenda usionekane kwa miaka kumi? Kwa upande mwingine, kuchanja katikati ya mlipuko ni hatari, kwa kuwa sindano ileile ikitumiwa kwa kundi zima huweza kuubeba ugonjwa kutoka mnyama hadi mnyama. Chanjo, basi, ina dirisha lake: baada ya bahari kupata joto na kabla mbu hawajatoka. Mwaka 2006 chanjo haikuja ndani ya dirisha hilo. Huko Garissa mifugo ilianza kuchanjwa wakati watu walikwisha kufa.

Onyo la pili ni la kijani na mafuriko. Hili huja wiki chache tu kabla, limechelewa kwa chanjo, lakini linajua wilaya. Na wiki chache zinatosha kabisa kwa mambo yasiyohitaji kiwanda: glovu za kutosha machinjioni na katika wodi za wazazi, ujumbe kwa wachinjaji na wauza maziwa, maelekezo ya ukurasa mmoja kwa zahanati kuhusu dalili za kutafuta, na namba ya simu ya maabara itakayopokea sampuli. Kwa muuza nyama yule, glovu na habari vingetosha.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanadai teknolojia tusiyonayo. Siafikiani nao. Vipimo vya joto la bahari na vya kijani vinatolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kituo cha kanda cha utabiri wa hali ya hewa kipo Nairobi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kila msimu pamoja na ushauri kwa sekta mbalimbali, ya afya ikiwamo. Wala vyombo vya angani si ugeni katika pwani yetu: setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kuchunguza mionzi ya eksirei ya nyota, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na Kenya ilipeleka setilaiti yake ya kuchunguza dunia, Taifa-1, Aprili 2023. Tunachokosa ni cha bei nafuu zaidi na kigumu zaidi. Ushauri wa msimu kwa sekta ya afya huwa ni sentensi za jumla kuhusu magonjwa ya mlipuko. Utabaki hivyo mpaka sisi wenyewe, waganga, tuwape wanahali ya hewa sentensi za kuandika: kiwango fulani cha joto, hatua fulani, mtu fulani wa kuitekeleza.

Na kuna chombo kingine cha uchunguzi ambacho hatukukitumia hata kidogo. Baada ya mlipuko wa mwaka 2007 watafiti waliwahoji wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Wazee wale walikuwa na jina la ugonjwa huu katika lugha yao, na walikuwa wametambua kwamba unarudi kabla ya idara yoyote kutangaza. Waliweza hata kuueleza mfuatano wake: kutoka mvua kubwa hadi makundi ya mbu ni kiasi cha wiki tatu, kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua ni wiki mbili na kitu, kutoka mnyama hadi mtu, kiasi hichohicho tena. Ukizijumlisha unapata karibu miezi miwili, muda unaooana vizuri sana na ule wa setilaiti. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka yule mama na sentensi niliyoiandika nyuma ya jalada. Alikuwa ametupa taarifa ya ufuatiliaji wa ugonjwa iliyo kamili, yenye mnyama, wakati na njia ya maambukizi, nasi tukaipokea kama maombolezo.

Kwa hiyo sikubaliani pia na wale wanaoipenda ramani mno. Picha ya kutoka angani haijui kama kondoo ametupa mimba. Inajua tu kwamba huenda akazitupa. Yupo anayejua, na kwa kawaida hana namba ya kupiga.

Haifai nifiche upande wa pili wa hoja. Mwaka 2015 El Niño iliyokuwa miongoni mwa zile kali zaidi kupimwa ilitanda Pasifiki, maandalizi yakafanywa kote Afrika Mashariki, na vuli ikaja bila gharika lililotarajiwa. Homa ya Bonde la Ufa haikulipuka kwa ukubwa uliohofiwa. Kisha, Juni 2018, ililipuka Wajir baada ya mvua nyingi za masika, pasipo El Niño yoyote. Nimewahi kusikia mambo haya mawili yakitolewa katika mikutano kama ushahidi kwamba utabiri ni ramli. Mtu wa tiba hapaswi kusema hivyo, kwani anaishi kila siku na vipimo vyenye makosa ya aina zote mbili, na hajawahi kuitupa hadubini kwa sababu hiyo. Anachofanya ni kujiuliza gharama ya kila kosa. Glovu zilizonunuliwa kwa mlipuko usiokuja zitatumika katika uzazi wa mwezi ujao. Chanjo iliyotolewa mwaka usio na ugonjwa ina gharama, nakiri, na mfugaji aliyeitwa bure mara mbili hatakuja mara ya tatu. Huyu inabidi aelezwe tangu mwanzo kwamba anaitwa kwa uwezekano, si kwa uhakika. Ni mazungumzo magumu. Tunayafanya kila siku na wagonjwa wa shinikizo la damu, ambao wengi wao wangemeza vidonge maisha yao yote na wasingepata kiharusi hata bila vidonge hivyo.

Homa ya Bonde la Ufa nimeichagua kwa sababu niliiona kwa macho. Mifano mingine ipo. Rita Colwell na wenzake walionyesha uhusiano kati ya joto na kimo cha maji ya Ghuba ya Bengal, kama yalivyopimwa na setilaiti, na wagonjwa wa kipindupindu nchini Bangladesh. Bakteria wa ugonjwa huo huishi pamoja na viumbe wadogo wa baharini wanaostawi maji yanapopata joto. Karibu zaidi nasi ni Beira. Kimbunga Idai kilifika pale usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kikiwa kimefuatiliwa kutoka angani kwa siku kadhaa, na rada za setilaiti, ambazo mawingu hayazizuii, zikachora ukubwa wa mafuriko. Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 27 Machi. Tarehe 3 Aprili watu walianza kuchanjwa, na kwa siku chache wakafikia zaidi ya 800,000. Waliugua zaidi ya 6,000, wakafariki 8. Silinganishi ugonjwa huu na ule; kipindupindu kina tiba rahisi kinapowahiwa. Lakini siku saba kati ya kuthibitisha na kuchanja hazikutokea kwa bahati. Chanjo ilikuwapo katika akiba ya dunia, na palikuwa na utaratibu unaojulikana wa kuiomba.

Kuhusu barafu nitasema machache, maana ndiyo iliyo mbali zaidi na wodi. Tangu mwaka 2002 jozi za setilaiti zinazofuatana angani zimekuwa zikipima mvutano wa dunia, na kwa njia hiyo kuipima uzito barafu ya Greenland, ambayo hupungua kwa wastani wa tani bilioni 270 hivi kwa mwaka. Kimo cha bahari kimepanda kwa takriban sentimita 10 tangu mwaka 1993. Wengi wetu tukisikia barafu hukumbuka Kilimanjaro, ambayo mwaka 1912 ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11 na kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Ni hasara ya kweli, ingawa maji ya wakazi wa mlimani hutokana zaidi na msitu na mvua. Barafu itakayowafikia wagonjwa wetu ni ile ya mbali, kwa kupitia chumvi katika visima vya pwani na visiwani. Bangladesh watafiti wamekwisha kuhusisha chumvi ya maji ya kunywa na shinikizo la damu la wajawazito. Sijui ni kliniki ngapi za wajawazito kutoka Pangani hadi Mafia zinazomwuliza mama anakunywa maji ya kisima gani. Jambo hili lataka makala yake.

Vyuo vyetu vya tiba vina sehemu ya kuanzia isiyohitaji fedha ya mfadhili. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajifunza kusoma picha ya eksirei ya kifua. Saa mbili zingetosha kumfundisha kusoma ramani ya joto la bahari na ya kijani, na kutambua mipaka ya kila moja. Ripoti ya wiki ya magonjwa anayoandika mganga mkuu wa wilaya na ile ya afisa mifugo zingeweza kuwekwa juu ya meza moja kila Ijumaa, kazi ambayo katika wilaya nyingi inahitaji mtu mmoja kuvuka uwanja mmoja. Na kabla ya kila vuli, mwezi Septemba, wakati bahari imekwisha kuonyesha nia yake, kikao kimoja cha waganga, wataalamu wa mifugo na wanahali ya hewa kingeamua kwa maandishi nani atafanya nini ramani ikibadilika rangi. Mafungu ya fedha yajadiliwe hapo, kabla ya mbu. Baada ya mbu hujadiliwa majeneza.

Katika wodi ninayofundisha sasa swali la mifugo lipo. Mwuguzi mmoja mzee aliliandika kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu ya historia ya mgonjwa, chini kidogo ya swali la safari, na wengine tukaiga: wanyama wa kwenu wana hali gani, na wewe uliwagusa? Wanafunzi hulinakili kila zinapokuja fomu mpya, kwa sababu katika zile zilizochapishwa halimo.